Niko stoo ya makumbusho ya kaunti, Indiana: kwa nini tunakataa vitu vya watu

Penseli2B (mleta uzi):
Wakuu, salaam. Jumamosi iliyopita nimefika kazini saa tatu asubuhi nikakuta boksi limewekwa mlangoni. Boksi la ndizi, lile lenye matundu pembeni, limefungwa kwa kamba ya katani, juu lina kikaratasi: "Vya bibi. Vitawafaa." Hakuna jina wala simu.

Mtu wa nje ataona tumepata zawadi. Mimi niliona kesi. Sio mali yetu, maana hakuna aliyesaini. Siwezi kuitupa, maana ina mwenyewe. Siwezi kuionyesha wala kuikarabati. Nikiiingiza stoo, baada ya miaka ishirini atakuja mjukuu mwenye hasira aseme shangazi hakuwa na ruhusa ya kuitoa, na atakuwa na hoja.

Nieleze kwanza niko wapi, maana nikisema "makumbusho" watu wanaona jengo kubwa lenye nguzo na tiketi. Ninajitolea kwenye chama cha historia cha kaunti moja hapa Indiana, Marekani. Jimbo hili lina kaunti 92 na karibu kila moja ina chama chake. Watu wengi, hata wenyeji, wanadhani ni ofisi ya serikali. Siyo. Ni wanachama wanaolipa ada ya mwaka, bodi isiyolipwa, mwajiriwa mmoja wa nusu siku, na kundi letu la kujitolea ambalo wengi wao wana magoti mabovu kuliko ngazi za ghorofani zinavyotaka. Kaunti inatuazima jengo, basi.

Jengo lenyewe ni jela ya zamani. Mtindo wa huku ulikuwa hivi: mbele ni nyumba ya sherifu na familia yake, yenye mapazia na sebule, nyuma ni mahabusu. Mke wa sherifu ndiye aliyekuwa anawapikia wafungwa. Jikoni kuna kidirisha cha chuma cha kupitishia sahani, na kizingiti chake kimelika katikati kama ngazi ya zamani. Wageni wanakimbilia seli kupiga picha wameshika nondo. Mimi nikipata mtu mwenye muda namsimamisha pale kwenye kidirisha.

Huu uzi nataka kuongelea kazi yenyewe. Karibuni.

---

Mzee wa Faili:
Nimeweka kambi hapa. Niliwahi kufanya kazi ya nyaraka, kwa hiyo niongezee chanzo cha hivi vyama, maana Wamarekani hili jambo walilianza mapema.

Cha kwanza kabisa ni Massachusetts Historical Society, Boston, mwaka 1791, chini ya mchungaji Jeremy Belknap. Nchi yenyewe ilikuwa haijamaliza hata miaka 20 na tayari watu wanaokoa makaratasi. Ngazi ya kaunti, mfano wa mwanzo ni Essex Historical Society ya Salem, 1821. Indiana nao walianzisha chama chao cha jimbo mwaka 1830, wakati sehemu kubwa ya jimbo bado ni msitu.

Kilichowasha moto hasa ni 1876, taifa lilipotimiza miaka 100. Mwezi Machi mwaka ule Bunge lao lilipitisha azimio la kuwaomba watu wa kila kaunti na kila mji wakutane tarehe 4 Julai, isomwe historia ya eneo lao tangu kuanzishwa, nakala moja ibaki kwa karani wa kaunti na nyingine ipelekwe Library of Congress. Yaani waliagizwa kukumbuka, na kwa tarehe. Baada ya hapo wachapishaji wakaona biashara. Wakazunguka kaunti kwa kaunti wakichapa vitabu vinene vya historia, na ukitaka wasifu wako na picha yako yenye ndevu ziingie, unalipia.

Kwa hiyo mkikuta kitabu cha kaunti cha 1880 kinasifu wakulima kumi na wawili kuwa ni watu waadilifu na wachapakazi, mjue nani alitoa hela.

---

Penseli2B:
Mzee wa Faili umenichekesha, tunavyo viwili vya aina hiyo na hao waadilifu wote wana mashamba kando ya mto.

Wimbi jingine lilikuwa 1976, miaka 200. Vyama vingi vidogo vilizaliwa au kufufuka wakati ule, na nusu ya stoo yetu iliingia miaka hiyo. Watu walileta, na waliokuwepo wakapokea kwa furaha bila kuandika. Ndiyo maana leo tuna rafu nzima ya vitu tunavyoviita "vilivyokutwa ndani". Viko kwetu, hatujui vilifikaje.

Na tusidhani hawa ni wachache. Mwaka 2014 taasisi ya serikali kuu inayoshughulikia makumbusho na maktaba ilitoa hesabu mpya: makumbusho kama 35,000 nchi nzima, mara mbili ya makadirio ya miaka ya tisini. Karibu nusu ni vyama vya historia, nyumba za kihistoria na jamaa zao. Yale yenye mifupa ya dinosaria na mistari ya watoto wa shule ni sehemu ndogo.

---

Kibatali:
Mkuu sijaelewa bado. Mtu anakuletea mali ya bure unakataaje? Pokea, weka, siku moja itapata kazi.

---

Penseli2B:
Kibatali, hiyo "siku moja itapata kazi" ndiyo imejaza vyumba vyetu vinne.

Twende na kinanda cha kupuliza kwa miguu. Enzi za bibi zao kila sebule ya shamba ilikuwa nacho. Kila mwaka tunapigiwa simu si chini ya mara tano: "Tuna kinanda cha mama, tunahama, mje mkichukue." Tunavyo vitatu, hakuna kinachotoa sauti. Kimoja kinachukua nafasi ya makabati mawili ya nyaraka. Ukishakipokea umejifunga kukikinga na unyevu, panya na joto muda wote utakaokuwa nacho, na kukitoa baadaye si kukipeleka mnadani tu. Bodi inapiga kura, inaandikwa kwenye kumbukumbu, na maadili ya fani hii yanasema fedha ya kitu kilichouzwa irudi kwenye kununua vitu vingine au kuvitunza vilivyopo. Huwezi kuilipia umeme. Mweka hazina mpya akisikia hivyo huwa anauliza mara mbili.

Orodha ya vinavyokuja mno: vinanda, cherehani, Biblia kubwa za familia, magauni ya harusi, sare za Vita Kuu ya Kwanza. Visivyokuja kabisa: nguo za kazi. Suruali ya mkulima ilivaliwa mpaka ikawa kitambaa cha kupigia deki. Kwa hiyo ukitembea kwenye kumbi zetu unaweza kudhani watu wa kaunti hii walikuwa wanaoa na kwenda vitani tu.

Jambo la pili ni karatasi. Kitu kinakuwa chetu mwenye nacho akisaini hati ya kutoa, kwamba ni chake kweli, anakitoa moja kwa moja, bila masharti. Zamani walikuwa wanaandika "mkopo wa kudumu". Hakuna neno linalonitia kichefuchefu kazini kama hilo. Kama ni mkopo si wa kudumu, na kama ni wa kudumu si mkopo. Tuna saa ya ukutani iliyoingia kwa utaratibu huo, mkopeshaji alishafariki, warithi wametawanyika majimbo matatu. Majimbo mengi yametunga sheria ya vitu vilivyotelekezwa makumbushoni, lakini hata hapo kuna barua za kutuma na muda wa kusubiri.

Jambo la tatu: "Niandikie hiki ni cha shilingi ngapi, nipunguziwe kodi." Hatuandiki. Anayepokea hawezi kuwa ndiye anayethamini. Kikizidi dola 5,000, mtoaji anatafuta mthamini wake mwenye sifa na kujaza fomu ya mamlaka ya kodi. Sisi tunasaini kwamba tumekipokea, tunaishia hapo. Watu wamewahi kuniondokea na kitu mkononi kwa hasira.

---

Nahodha Mstaafu:
Hiyo namba mnayoandika kwenye vitu huwa naiona makumbushoni, 1987.14.3 na kadhalika. Ina maana gani?

---

Penseli2B:
Nahodha, umenigusa penyewe.

1987 ni mwaka kilipoingia. 14 ni kundi la kumi na nne kupokelewa mwaka huo, yaani mtoaji mmoja kwa siku moja. 3 ni kitu cha tatu ndani ya kundi hilo. Basi. Haisemi kama ni koleo au picha. Inachofanya ni kukifunga kitu na faili, na ndani ya faili ndimo alimo mtoaji, bibi yake, shamba lao, na yale aliyoyaongea amesimama mlangoni hajavua koti. Namba ikifutika una koleo kama makoleo mengine yote.

Kuiandika ni ufundi, na ndio ninaoupenda kuliko vyote. Kwenye chuma au kauri unapaka kwanza utepe mwembamba wa gundi ya akriliki isiyobadilika rangi, inaitwa Paraloid B-72. Ikikauka unaandika juu yake kwa wino, kisha unafunika kwa tabaka jingine. Siku ikibidi, namba inatoka kwa asetoni bila kugusa kitu chenyewe. Kwenye nguo unaandika kwenye utepe wa pamba na kuushona kwa mishono michache, sindano ipite kati ya nyuzi na isizitoboe. Kwenye karatasi na picha ni penseli laini tu, nyuma, pembeni, mkono usikandamize. Jina langu humu mmelijua limetoka wapi.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Kusini mwa jimbo hili kuna machimbo ya mawe ya chokaa, yale yaliyokwenda kufunika Empire State Building kule New York. Tulikuwa na kopo la chakula la mchonga mawe mmoja, la bati, lina vumbi jeupe kila kona. Nikaona uchafu. Nikachukua kitambaa chenye maji kidogo nikalifuta ndani na nje, likang'aa. Jioni nikasoma faili: "Ndani ya mfuniko ameandika jina lake kwa chaki." Aliyelipokea mwaka 1979 hakunakili jina, aliona lipo palepale, la nini. Miaka mingi lilikuwepo, mimi nikalimaliza kwa nusu dakika.

Sasa hivi sifuti kitu mpaka nimekipiga picha pande zote.

---

Kibatali:
Duh. Pole sana mkuu. Sasa vumbi lenyewe si lilikuwa la kazini kwake?

---

Penseli2B:
Ndiyo. Nilifuta na hilo.

---

Chumvi ya Mawe:
Naona mnasifiana tu. Niwaulize swali la mwiba. Haya makumbusho ya kaunti si ni ya wazungu kujisifia babu zao? Mlowezi wa kwanza, kanisa la kwanza, kinu cha kwanza. Kabla ya huyo "wa kwanza" hapakuwa na watu? Na weusi wako wapi?

---

Penseli2B:
Chumvi, swali halina mwiba, ni la haki. Kabati letu la mlangoni mpaka leo limeandikwa "Mlowezi wa kwanza". Nimeleta hoja ya kubadilisha mara mbili kwenye kikao, ikaahirishwa mara mbili.

Ila makaratasi ya kaunti hayana adabu ya kabati, yanasema yote. Katiba ya Indiana ya 1851, ibara ya 13, ilikataza mtu mweusi au chotara kuingia kuishi jimboni. Waliokuwemo tayari, sheria ya 1852 ikawataka wakajiandikishe kwa karani wa kaunti. Kwa hiyo makarani wakafungua daftari la weusi na machotara. Jina, umri, alipozaliwa, anapoishi, mashahidi, na maelezo ya mwili. Hapo kwenye mwili ndipo pagumu kusoma. Karani anaandika makovu ya mtu mzima kama anayenunua farasi.

Mahakama Kuu ya jimbo iliibatilisha ibara ile mwaka 1866. Lakini leo hayo madaftari, kwenye kaunti ambako yamesalia, ndiyo yanayotafutwa na wajukuu kuliko kitu kingine. Chombo kilichotengenezwa kuwazuia watu kimegeuka kuwa ushahidi kwamba walikuwepo, wana majina na mashahidi. Nimemhudumia mama mmoja aliyekuja kutoka jimbo la mbali. Alipofika kwenye mstari wa babu wa babu yake hakulia wala nini. Aliomba rula, akaiweka chini ya mstari ule isije ikampotea, akakaa nayo hivyo kama robo saa.

Na zipo sehemu zinazofanya vizuri kuliko sisi. Lyles Station, kaunti ya Gibson, ni kijiji cha wakulima weusi walioanza huru kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Shule yao ya zamani imekarabatiwa na sasa ni makumbusho yao wenyewe. Vitu vyao vingine viko kwenye makumbusho ya taifa ya historia ya Wamarekani weusi pale Washington, yaliyofunguliwa 2016.

Kuhusu waliokuwepo kabla: mwezi Septemba 1838 zaidi ya Wapotawatomi 800 waliondolewa kwa mtutu wa bunduki kaskazini mwa Indiana, wakatembezwa miezi miwili hadi Kansas. Zaidi ya 40 walikufa njiani, wengi watoto. Njia hiyo inaitwa Trail of Death, yaani Njia ya Kifo. Sasa chama cha historia cha kaunti ya Fulton, kidogo tu kama chetu, ndicho kimekuwa mstari wa mbele pamoja na Wapotawatomi wenyewe kuweka mawe ya ukumbusho njia nzima, na tangu 1988 kila baada ya miaka mitano kuna msafara unaoifuata ile njia. Kwa hiyo inawezekana. Inategemea nani amekaa kwenye bodi.

---

Mzee wa Faili:
Niongeze la sheria. Tangu 1990 Marekani wana NAGPRA, sheria inayozitaka taasisi zinazopokea fedha ya serikali kuu kuorodhesha na kurudisha mabaki ya miili ya wenyeji asilia, vitu vya makaburini na vitakatifu. Kanuni mpya zilizoanza Januari 2024 zinataka ridhaa ya kabila husika kabla hata ya kuvionyesha. Siku zile makumbusho makubwa yalifunika makabati kwa karatasi.

Wadogo wengi walidhani haiwahusu. Ukiwahi kupokea ruzuku ya serikali kuu, inakuhusu.

---

Penseli2B:
Kweli kabisa. Tulipokagua yetu tulikuta sanduku la sigara lina vichwa vya mishale na, chini yake, ushanga. Faili linasema "vimeokotwa shambani". Ushanga mzima wenye mpangilio hauokotwi shambani. Tumeutoa kwenye maonyesho na tumeandika barua kwa makabila yanayohusika na eneo hili. Kazi ya mwezi mzima kwa sanduku moja la sigara.

---

Mwana wa Kaya:
Mmeongelea wenyeji wa huko. Na vya kwetu je? Vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee waliofariki, vilizagaa huko Marekani.

---

Mzee wa Faili:
Vilizagaa, ndiyo, na makumbusho yalivipokea bila kuuliza maswali ambayo Penseli anauliza kuhusu boksi la ndizi. Kigango kinasimikwa kwa ajili ya mzee aliyefariki wa Gohu, chama cha wazee wa Kimijikenda. Hakiuzwi wala hakihamishwi. Mtafiti mmoja wa Kimarekani alikuwa na picha ya vigango vikiwa bado vimesimama kijijini, na yeye na mwenzake wakaja kuvitambua ndani ya makumbusho. Viwili vilirudi Kenya mwaka 2007, kimoja kilikuwa Illinois State Museum, jirani kabisa na hapo kwa Penseli, na kingine Hampton University, Virginia. Makumbusho ya Denver nayo yaliamua mwaka 2014 kurudisha 30.

Angalia kilichovirudisha vile viwili vya kwanza. Ni picha, pamoja na mtu aliyeandika ilipigwa wapi na kwenye boma la nani.

---

Binti wa Ukoo:
Mimi nikiri, huwa nawasumbua watu kama Penseli kwa barua pepe. Nafuatilia ukoo wa mume wangu, watu wa Indiana hao hao. Kwa nini kila mara mnasema 1890 haipo?

---

Penseli2B:
Haipo kwa sababu sensa ya 1890 iliungua. Januari 1921 moto ulizuka kwenye jengo la Wizara ya Biashara, Washington. Kilichobaki kililoweshwa na maji ya kuzimia, kikakaa, na baadaye kikateketezwa kwa amri. Vimesalia vipande vichache tu. Kwa hiyo kati ya 1880 na 1900 kuna miaka 20 ambayo mtoto anaweza kuzaliwa, kukua na kuondoka nyumbani serikali kuu isimwone hata mara moja.

Hapo ndipo vyama vya kaunti vinapokuwa na kazi. Tunaziba kwa orodha za kodi, madaftari ya makanisa, magazeti ya mji, vitabu vya nyumba ya maskini ya kaunti. Na ramani za Sanborn, hizi nazipenda mno. Ni kampuni iliyoanza 1867 kuchora miji kwa ajili ya bima ya moto. Kila jengo limepakwa rangi: nyumba ya mbao njano, tofali waridi, jiwe bluu. Unaona mlango uko wapi, dirisha wapi, banda la farasi wapi. Mji mzima umetazamwa na mtu anayewaza utawakaje.

Ukiandika barua pepe, dada, tafadhali weka mwaka na jina la mji. "Natafuta habari za Johnson" haina jibu duniani.

---

Nahodha Mstaafu:
Hakuna hatari humo stoo? Naona kama kazi ya raha.

---

Penseli2B:
Zipo mbili za kweli. Ndege na wanyama waliokaushwa zamani walipakwa aseniki, kwa hiyo yule bundi mzuri anayependwa na watoto yuko kwenye kioo na haguswi bila glovu. Na filamu za zamani za naitreti, zilizotengenezwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya hamsini, zikiharibika zinashika moto na maji hayazimi. Ukifungua kopo la filamu ukasikia harufu kali na kuona unga wa kahawia, unalifunga taratibu na kupigia watu wa zimamoto ushauri. Ya tatu ni ngazi.

---

Kibatali:
Mkuu umetuacha hewani. Boksi la ndizi limeishia wapi?

---

Penseli2B:
Nilikuwa nasubiri liishe. Limeisha jana.

Ndani mlikuwa na hivi: koti la sare ya Vita Kuu ya Kwanza, Biblia ya familia, picha kumi na moja zisizo na majina, na chini kabisa, likiwa limetumika kukazia vingine visicheze, daftari dogo la jalada jeusi. Nililipanga lote mezani bila kuandika chochote, nikapiga picha, nikarudisha kama lilivyokuwa. Nikabandika tangazo mlangoni na kwenye gazeti la mji: aliyeacha boksi lenye kamba ya katani aje, hana kosa.

Alikuja mwanamke wa makamo, amevaa nguo za kazi ya kiwandani, anaomba radhi kabla hajakaa. Bibi yake amehamishiwa kwenye nyumba ya wazee, nyumba inauzwa, hakuwa na muda wa saa zetu za kufungua. Haya tunayajua, tunafungua siku mbili kwa wiki, na zote mchana.

Akaniuliza sare ni ya thamani gani. Nikamwambia tunazo tisa. Nikamuuliza daftari ni la nini. "Hilo? Nilitaka kulitupa. Ni la mayai."

Wakuu, ni la mayai kweli. Mama wa bibi yake alikuwa anapeleka mayai mjini, na kila wiki kwa miaka minne ameandika nyumba moja baada ya nyingine: jina, dazani ngapi, amelipa au hajalipa. Kuna nyumba zinachukua dazani tatu, halafu moja, halafu nusu, halafu jina linapotea. Kuna sehemu ameandika "mgonjwa, nimewaachia". Nilitoa karatasi za Sanborn za mji wetu, tukaanza kumfuata kwa kidole mtaa kwa mtaa. Njano, njano, waridi, njano. Nyuma ya reli kuna safu ya vibanda ambavyo ramani haina majina yake wala kitabu cha wale waadilifu hakivitaji. Yeye anavyo vyote sita, kwa jina la mama mwenye nyumba.

Yule mwanamke akapiga simu kule nyumba ya wazee, akaweka sauti ya nje. Tukamsomea bibi picha moja moja: mwanamke ana kikapu, nyuma kuna mlango wa neti, mbwa mweupe. Bibi akatupatia majina ya saba. La nane akasema ni mtu ambaye hataki kumtaja. Nikamwambia mjukuu aandike yeye mwenyewe nyuma ya picha, kwa mkono wake, nikampa penseli.

---

Chumvi ya Mawe:
Na ya nane mliandika nini?

---

Penseli2B:
"Bibi anamjua." Na tarehe ya jana.

---

Nahodha Mstaafu:
Kwa hiyo mmepokea boksi lote?

---

Penseli2B:
Hapana. Biblia na picha amerudi nazo, tumezinakili kwa skana kwa ruhusa yake, pamoja na kurasa za vizazi na vifo. Sare amerudi nayo, nimempa karatasi isiyo na asidi ya kuifungia na kumwambia asiiweke darini. Alisaini hati kwa kitu kimoja. Daftari la mayai, 2024.9.1.